Suruali ya Murjan Yaenda Misri

Ukitaka kumjua Khamala wa Gatwekera, kule Kibera, muulize jambo. Atakujibu. Hata kama halijui atakujibu, mkono kiunoni, jicho moja limefumbwa kidogo kama mtu anayepima ubao, na akimaliza utaondoka umepotea kuliko ulivyokuja. Siku hizi yeye mwenyewe hujicheka. "Mimi nilizaliwa mdomo ukitangulia," husema. Lakini siku za kisa hiki alikuwa bado hajajifunza kujicheka. Alikuwa mtu wa akili nyingi sana, na mkewe alikuwa amemhama.

Ilikuwa hivi. Paa la nyumba yao lilivuja, tena juu ya kitanda. Khamala ni fundi wa mbao na mabati. Nusu ya Kibera inalala chini ya mapaa aliyoyapiga yeye, na hayo hayavuji. La kwake alisema atalishughulikia. Kila Nabalayo alipolitaja, alipewa mhadhara: tatizo si bati, tatizo ni mteremko, na mteremko hautaki haraka. Basi mvua ikaja, nayo haikuwa na habari ya mteremko, ikaingia. Nabalayo huuza nguo za watoto za mitumba soko la Toi, na siku hiyo ndiyo kwanza alikuwa amefungua belo jipya. Nguo zote zikalowa, zikaingiana na tope la ukuta. Mwanamke akakaa kwenye kona ya kitanda, akaziangalia. Mtu mwenye akili kidogo angesema pole. Khamala, mwenye nyingi, akaanza kumweleza jinsi upepo wa kutoka Ngong ulivyogeuka.

Nabalayo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akambeba mtoto wao Mitchelle, akaenda kwa mamake Kawangware, na hakurudi.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Kutoka Gatwekera mpaka Kawangware si mbali, watu huenda kwa miguu kila siku. Lakini Khamala ni Mbukusu, na nyumba ile ni ya mama mkwe. Kwa Wabukusu mama mkwe si mtu wa kuzoea. Humsalimii kwa mkono, huli naye meza moja, humtazami usoni, na mkikutana njiani kila mmoja anatafuta kichaka chake. Hata jina lake hulitaji. Kawangware yote ilimwita Mama Elvis, lakini Khamala alisema tu "yule mama," tena kwa sauti ya chini. Mwenye jambo na mama mkwe hutuma wazee. Khamala alikuwa na mjomba mzima, mzee wa maneno matamu, anaishi Kisumu Ndogo, hapo hapo Kibera. Lakini kumtuma mjomba ni kukubali kwamba kuna jambo limekushinda, na yeye, aka, jambo gani limshinde? Akaandika meseji. Ndefu. Moja akaitumia pamoja na picha ya mchoro wa paa.

Hakujibiwa. Alilala upande wa kitanda usiovuja, peke yake, akimkosa mkewe mpaka kifua kikamuuma, na asubuhi akitoka nje aliwaambia majirani kwamba Nabalayo amemsindikiza mamake kidogo.

Siku moja akaitwa Kawangware kutengeneza mlango wa kibanda cha mama mmoja aitwaye Wagaki. Huyu Wagaki alikuwa mpangaji safari. Wakati huo alikuwa anaandaa safari ya Jinja, ule mji wa kale wa Uganda ulio kando ya ziwa, mahali mto Naili unapotoka. Mnaondoka Nairobi Ijumaa, mnalala Busia, Jumamosi alfajiri mnavuka mpaka, mnazungushwa Jinja na mwenyeji mchana kutwa, jioni mnarudi Busia, Jumapili mko nyumbani. Chama kizima cha akina mama wa Kawangware kilikuwa kimelipia.

"Hata bibi yako yuko ndani," Wagaki akasema. "Kwani hajakuambia?"

"Ameniambia," Khamala akasema. "Hata mimi naenda. Ni vile sijalipa tu."

Akalipa papo hapo, pesa ya mlango ikarudi ilikotoka. Akaenda nyumbani akijiona ana akili za ajabu. Aliuona mpango wote: wako ndani ya mashua, upepo wa ziwa unapuliza, yeye anamweleza Nabalayo mambo ya Naili, Nabalayo anamwegemea begani, mvua imesahaulika. Ndizo ndoto za mtu anayelala peke yake.

Nguo ndiyo ilikuwa shida. Suruali zake zote zilikuwa na gundi ya mbao. Akamwendea mwenye nyumba wake, mzee Murjan, Mnubi mwenye tumbo la heshima, akaazima suruali yake ya Idd. Nyeupe kama maziwa, na kiuno chake kingemtosha Khamala pamoja na mtu mwingine.

"Utaifungaje hii?" Murjan akauliza.

"Nina kamba, mzee. Mimi ni fundi, usinifundishe kufunga vitu."

"Haya fundi. Irudi ilivyo. Hiyo ndiyo nguo yangu ya maana."

Ijumaa Khamala akawa wa kwanza kuingia garini. Akakaa kiti cha mbele karibu na mlango, mahali ambapo lazima Nabalayo angemwona. Akina mama wa chama wakapanda mmoja mmoja, wanacheka, wamebeba chapati na chupa za chai. Mlango ukafunguka tena. Khamala akainua uso na tabasamu aliloliandaa tangu asubuhi.

Alikuwa mama mkwe.

Masikini Khamala! Aliinama upesi mpaka paji la uso likagonga kiti, akajifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba. Yule mama naye akavuta leso yake ya mabegani usoni, akasimama pale mlangoni kama aliyekanyaga siafu. Mwishowe Khamala akatambaa kinyumenyume kati ya viti, matako yakitangulia, mpaka nyuma kabisa ya gari, na mama mkwe akakaa mbele karibu na dereva, uso dirishani. Kutoka hapo mpaka Busia mmoja hakuweza kuangalia nyuma na mwingine hakuweza kuangalia mbele.

"Nabalayo yuko wapi?" Khamala akamnong'oneza Wagaki.

"Alipiga simu asubuhi. Alisema mamake atakuja mahali pake."

Bahati mbaya tu, Khamala akajiambia. Pengine mtoto anaumwa tumbo. Lakini njia nzima hakula chapati ya mtu.

Jumamosi wakavuka mpaka. Upande wa pili walipokewa na mwenyeji wao wa siku hiyo, kijana mrefu wa Kisoga kwa jina Isabirye, mpole, mwenye Kiswahili cha polepole. Aliwatembeza Jinja mtaa kwa mtaa. Mji ni mzuri, na ni mzee: maduka ya zamani yenye baraza na nguzo, na juu ya uso wa kila duka imechongwa miaka ya kujengwa na majina ya waliojenga. Isabirye akaeleza kwamba hata jina la mji linatokana na mawe, yale mawe ya mtoni. Akina mama wakasema eeh, eeh.

Khamala alikuwa nyuma kabisa, kwa sababu mama mkwe alikuwa mbele. Mtu mwenye huzuni yake angenyamaza huko nyuma. Lakini midomo ilimwasha. Alipoona jengo la kwanza akawaambia walio karibu naye, kwa sauti ya kutosha, kwamba majengo hayo ni ya Wareno.

"Hapana, ssebo," Isabirye akasema, maana hivyo ndivyo wanavyomwita mwanamume kwa heshima kule. "Wareno hawakufika hapa. Walijenga Wahindi. Majina yao ni hayo pale juu."

Khamala akaangalia juu. Kweli, Patel mmoja alikuwa amejiandika kwa herufi za kuonekana kutoka Busia.

"Namaanisha mafundi wao," akasema. "Walifundishwa na Wareno."

Akina mama wakaangaliana. Kule mbele, mgongo wa mama mkwe haukutikisika, lakini Khamala alijua umesikia. Walipofika reli ya zamani akaeleza jinsi treni ilivyokuwa inavutwa na ngamia. Walipoonyeshwa mahali ziwa linapoanza kuwa mto akasema maji hayo asili yake ni Kitale. Kila mara Isabirye alimrudi kwa upole, na upole ule ndio uliouma. Mwenyewe akajisikia anaongea na akashindwa kujizuia. Nyamaza basi, wewe mwanamume, akajiambia, na wakati huohuo kinywa kikawa kinamweleza mama mmoja asili ya ndizi.

Chakula cha mchana kilikuwa matoke na mchuzi wa karanga, katika hoteli yenye ukumbi mmoja. Mama mkwe akakaa meza ya mwisho akiangalia ukuta. Khamala akakaa meza ya mwisho ya upande wa pili akiangalia ukuta wake. Wagaki akaja kwake na kiti.

"Yule mama ananiuliza: wewe umekuja huku kufanya nini?"

"Mwambie nimekuja kujifunza historia."

Wagaki akaenda, akarudi. "Amesema historia umeshawafundisha wengine. Anauliza umekuja kufanya nini."

Khamala akakata tonge, akalishika tu. "Mwambie nilifikiri Nabalayo atakuja."

Wagaki akaenda tena. Safari hii alikawia kurudi, na aliporudi hakukaa. "Amesema Nabalayo alijua. Mimi ndiye nilimwambia umelipa, pole, nilidhani atafurahi. Aliposikia ndio akakataa kuja."

Khamala akalirudisha tonge sahanini.

"Na amesema," Wagaki akaongeza kwa huruma, "yeye hajakuja kwa sababu yako. Nauli ilikuwa imeshalipwa, na alikuwa hajawahi kuona Uganda."

Basi hivyo. Nabalayo alikuwa amesikia kwamba mumewe yupo katika safari ile, akaona heri abaki Kawangware afue nguo. Khamala aliangalia matoke yake mpaka yakapoa. Alitaka kulia, na akawa na haya ya kulia mbele ya mchuzi wa karanga. Kwa muda mrefu alikuwa anadhani amenuniwa. Sasa akaelewa kwamba ameachwa.

Baada ya chakula ilikuwa zamu ya mashua. Wagaki akamvuta Isabirye kando, akamweleza habari ya wakwe wawili. Kijana akashika kichwa.

"Mngeniambia tangu mpakani! Hata sisi Wasoga tunayo hiyo. Mama mkwe ni mama mkwe."

Akapanga vizuri: mama mkwe aende na mashua ya kwanza, Khamala afuate na ya pili, na zisikutane. Katikati ya maji pale kuna kisiwa kidogo cha mawe, kina kibanda cha kuuza vinyago na vikapu. Mashua ya kwanza ingeshusha watu, wangepiga picha, wangeondoka, ndipo ya pili ishushe wake.

Mpango ulikuwa mzuri, ila mama mkwe alipenda kikapu kimoja. Akakipenda, akakirudisha, akakipenda tena. Mashua ya pili ikafika yeye akiwa bado nyuma ya kibanda anabishania bei, na Khamala akashuka bila habari, akavua koti la kuelea alilovishwa mashuani ili apigwe picha moja ya kumtumia Nabalayo. Alisimama akajaza kifua. Kisha akazunguka kona ya kibanda kutafuta mahali penye mwanga mzuri.

Wakakutana uso kwa uso, mkono usingepita katikati yao.

Sasa hebu fikiria. Watu wengine wangesema samahani wakapishana. Hawa wawili walifanya adabu. Khamala akageuza uso upesi, akaanza kurudi nyuma. Mama mkwe akajifunika leso, naye akaanza kurudi nyuma. Kila mmoja akashika njia ya kuzunguka kibanda, mgongo mbele, haraka haraka, akishukuru Mungu kwamba ameepuka. Kibanda chenyewe ni kidogo. Wakakutana tena upande wa pili, safari hii mgongo kwa mgongo, karibu wagusane.

"Yesu wangu!" mama mkwe akasema.

Khamala akaruka mbele kama aliyechomwa. Akageuka. Akamwona. Akafumba macho, akarudi nyuma hatua moja ya heshima, na nyingine, na hatua ya tatu akaitoa kwa heshima zaidi kuliko zote, kwa maana kisiwa kilikuwa kimekwisha.

Akaingia Naili chali.

Maji yalikuwa baridi na yalikuwa na nguvu. Yalimjaa puani na masikioni. Alipiga mikono, akameza, akapiga tena, na kamba yake ya kifundi ikakatika. Suruali ya Murjan ikajaa maji kama gunia, ikamvuka miguu yote miwili, ikaondoka zake. Khamala aliyejua kila kitu hakujua hata juu ni wapi. Kichwa kilipotokeza alifungua kinywa chote, na lililotoka halikuwa maelezo.

"Mama! Mama, nisaidie! Nakufa!"

Pale kisiwani wote walisimama wameduwaa. Aliyetikisika ni mmoja. Mama mkwe akavua leso yake ya kiunoni, akafumba macho kabisa, akageuzia uso kibandani, akairusha nyuma ya bega huku ameshika ncha moja.

"Shika!"

Tangu Khamala amwoe Nabalayo, hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza mama huyo kumwambia. Akaishika ile leso kwa mikono miwili, akaivuta, naye mama akajikaza asianguke, kafumba macho vilevile.

"Simama, ssebo!" Isabirye akapiga kelele. "Simama tu! Hapo maji ni mafupi!"

Khamala akajaribu. Miguu ikakanyaga jiwe. Akainuka, na maji yakamfika kiunoni, tena kiuno cha chini. Akaangalia alivyo. Akachutama upesi mpaka kidevuni.

"Simama!"

"Siwezi!"

"Maji ni mafupi, nakuambia!"

"Ndiyo maana siwezi!"

Chama kizima kikaanguka kwa kicheko. Kuna mama aliyecheka mpaka akakaa juu ya mawe. Kuna mwingine aliyekuwa amenyanyua simu tangu mwanzo wa ile duru ya kibanda. Na kule mbali, mahali maji yanapokimbilia kaskazini, kitu cheupe kilikuwa kinaelea, kimevimba vizuri kiunoni, kama mzee mwenye tumbo aliyeamua kwenda zake Misri.

Mama mkwe akaiachia ncha ya leso. Khamala akajifunga nayo humo humo majini, akatoka.

Aliketi peke yake mwishoni mwa mashua akitetemeka. Akina mama walikuwa wanamwangalia, na yeye akaona lazima aseme kitu. "Yale mawe ya chini," akaanza, "yana utelezi fulani ambao kwa kawaida..." Akajisikia. Alijisikia kama vile yuko tena kwenye kona ya kitanda kilicholowa, anaeleza upepo wa Ngong, na mtu mbele yake ana nguo za watoto mikononi, zinachuruzika matope. Akaacha sentensi katikati. Aibu aliyoipata hapo ilikuwa kali kuliko ya kukosa suruali.

Walipofika gati akamwita Wagaki. "Mwambie yule mama ahsante. Nitamrudishia leso nikishapata nguo."

Mama mkwe alikuwa amesimama hapo hapo, amewapa mgongo. Wagaki hakuhitaji hata kutembea.

"Amesema usimrudishie. Nguo iliyomfunga mkwe yeye hawezi kujifunga tena. Mpe mwenye mume."

"Na akiikataa?"

Wagaki akasikiliza. "Amesema hilo si lake."

Busia Wagaki alimtafutia kaptula ya mitumba, ya kaki, ya mtu mfupi. Khamala akavaa, magoti nje, kama mtoto wa darasa la nne. Akampigia Murjan simu, akamweleza yote bila kupunguza.

"Huo mto," Murjan akasema, "si unapita Sudan?"

"Unapita, mzee."

"Babu yangu alitoka huko akiwa askari, hakurudi tena. Mimi nina miaka yote hii Kibera sijaenda. Suruali yangu imenitangulia!" Akacheka mpaka akakohoa. "Utanishonea nyingine, wewe fundi wa kamba."

Njia yote ya Jumapili Khamala alitunga maneno. Alikuwa na maelezo matatu, moja linahusu mkondo wa maji. Lakini gari liliposimama Kawangware, Nabalayo alikuwa pale kituoni, amekuja kumpokea mamake. Alikuwa amevaa sweta la kijani ambalo Khamala alilifahamu kila uzi. Maelezo yote matatu yakamtoka kichwani.

Mama mkwe akashuka na kikapu chake kipya, akapita, akaenda nyumbani bila kugeuka. Khamala akashuka nyuma, leso imekunjwa mkononi. Nabalayo akamwangalia kutoka kichwani, akafika magotini, akakaa hapo kidogo.

"Sasa," akasema.

"Poa."

"Nimeona video. Iko kwa kila simu hapa Kawangware."

"Najua."

"Maji yalikuwa yanafika wapi?"

"Kiunoni," Khamala akasema. Akameza mate. "Hapana, naongeza. Chini kidogo."

Nabalayo akajiuma mdomo. "Na ulienda Uganda kufanya nini?"

"Kukutafuta. Niliskia umelipa."

"Khamala." Alisema polepole, kama anayemsomea mtoto. "Mimi niko hapa. Kutoka kwako kuja hapa ni kutembea tu. Wewe unanitafuta, unavuka mpaka?"

Khamala akaliangalia jambo hilo. Likiwekwa hivyo, mbele ya watu wa kituoni, lilikuwa ujinga usio na upande wa kushikia. Alikuwa amelipa nauli, amelala Busia, amegongewa mhuri wa serikali mbili, ili asitembee mwendo wa kumaliza muwa mmoja.

"Ningekuja hapa ningelazimika kukuambia pole," akasema. "Huko nilidhani utasahau tu, nisiseme."

"Na sasa?"

"Pole, Nabalayo." Akasogea karibu hatua moja. "Pole sana. Nguo zako zililowa kwa sababu yangu. Ulinionyesha pale panapovuja na mimi nilikaa tu nikiongea. Hata leo panavuja. Nimekukosa mpaka nikawa nadanganya majirani."

Nabalayo akageuka. Akaangalia upande wa barabara, na Khamala alipotazama vizuri aliona anafuta jicho kwa mkono wa sweta, kwa hasira, kama mtu asiyetaka kuonekana. Kisha akanyoosha mkono.

"Leta hiyo leso."

Akampa. Nabalayo akaikunjua, akaikung'uta, akamfunga kiunoni juu ya ile kaptula, akakaza fundo kwa nguvu mpaka Khamala akatoa pumzi.

"Hayo magoti yananiaibisha," akasema. "Na sikiza. Mjomba wako atakuja kwa mama, akae, aongee, kama watu wengine. Hiyo huikwepi."

"Atakuja. Naenda kumwita leo."

"Na leo nalala kitanda kinavuja?"

"Upande mmoja tu. Huo nitalala mimi."

Nabalayo akamwangalia. "Ngoja hapa. Naenda kuchukua Mitchelle na begi. Huwezi kuingia kwa mama, amekuona vya kutosha."

Akaenda, akikata kona ya vibanda bila haraka. Khamala akabaki pale kituoni, mwanamume mzima na leso ya maua, magari yanapiga honi, watoto wanamnyooshea vidole. Mwuza mahindi akamwangalia mara mbili, akashindwa kuvumilia.

"Mzee, uko sawa kweli? Unangoja nini hapa?"

"Namngoja bibi yangu," Khamala akasema.